Mvua ikigonga bati usiku: nani anakaa na watoto wa maafa wataalamu wakishaondoka?

Wiki iliyopita, katika kipindi cha asubuhi, mama mmoja alitupigia simu kutoka vijiji vya chini ya Mlima Hanang. Hakuwa na swali la mbegu wala la bei ya mbaazi, ambayo ndiyo mada tuliyokuwa nayo siku hiyo. Alisema mwanawe ana miaka kumi na moja. Mvua ikianza kugonga bati usiku, mtoto anaamka, anavaa viatu, anakaa mlangoni mpaka inyamaze. Hasemi kitu. Asubuhi anasinzia darasani na mwalimu anamchapa. Kisha mama akauliza: "Mtangazaji, hivi huu ni ugonjwa au ni utundu?"

Simu ilikatika kabla sijamjibu. Nakiri kwamba hata isingekatika, nisingekuwa na jibu zuri pale pale. Makala hii ni jibu lake, na ni jibu kwa wengine waliotuma ujumbe baada yake. Nimewauliza wanaoijua kazi hii, nimesoma miongozo, na nimerudia pia yale niliyoyaona mwenyewe.

Kwa msikilizaji aliye mbali na Manyara, nikumbushe kwa ufupi. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo vilishuka na maji hadi kwenye vijiji na mji mdogo wa Katesh. Zaidi ya watu 80 walikufa na zaidi ya 100 walijeruhiwa. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa mabadiliko ya tabianchi, alikatisha safari na kurudi. Shule ziligeuzwa kambi za muda. Baadaye zilijengwa nyumba mpya zaidi ya 100 kwa waliopoteza makazi. Hayo yote yalihesabiwa: vifo, majeruhi, nyumba, mabati, magodoro. Moyo wa mtoto hauingii kwenye daftari la hesabu, na hapo ndipo penye shida ninayotaka tuizungumze.

Kosa langu mwenyewe

Nianze na langu, nisije nikaonekana nawanyooshea wengine kidole. Siku ya tatu baada ya maporomoko nilikuwa kambini na kinasa sauti. Nikamkuta mtoto wa kiume, miaka minane au tisa, amekaa pembeni ya ukuta wa darasa. Nikachuchumaa, nikamuuliza kwa sauti ya upole tunayofundishwa: niambie, uliona nini? Akanieleza. Alieleza moja kwa moja, bila kulia, kama anayesoma shairi la darasani. Nilipomaliza, mama mmoja aliyekuwa anafua karibu akaniambia, "Wewe ni wa tano leo."

Wa tano. Kabla yangu alikuwa ameulizwa na waandishi wengine, na mgeni aliyeleta biskuti, na sijui nani tena. Sauti ile sikuirusha hewani, lakini kuirekodi nilikwisha kuirekodi, na mtoto alikwisha kurudishwa kwenye tope mara ya tano kwa siku moja.

Wengi wetu tunaamini kwamba mtu akisimulia yote mapema, machungu yatatoka na atapona. Hata wataalamu waliamini hivyo zamani. Walikuwa wakiwakalisha walionusurika kikao kimoja, siku chache tu baada ya tukio, na kuwataka waeleze kila walichoona na kuhisi. Tafiti zilipofanyika, vikao hivyo havikuonekana kuzuia maumivu ya baadaye, na baadhi ya watu walizidi kuumia. Shirika la Afya Duniani, WHO, halishauri tena njia hiyo.

Badala yake, mwaka 2011 WHO na washirika wake walitoa mwongozo wa kitu kinachoitwa huduma ya kwanza ya kisaikolojia. Jina ni refu, lakini kazi yake inabebwa na maneno matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia kama mtoto yuko salama, ana jeraha, ana njaa, yuko na nani. Sikiliza akitaka kusema, na asipotaka, kaa naye kimya. Muunganishe na watu wake na mahitaji yake: mama, bibi, ndugu, maji, blanketi, zahanati. Mwongozo wenyewe unasema kazi hii haihitaji daktari wa akili. Mwalimu anaweza, mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza, mama wa jirani anaweza.

Mnaona jambo hili lilivyo kubwa kwetu. Mtu anayefaa zaidi kumpa mtoto huduma hii ni yule ambaye tayari yuko kijijini. Na mara nyingi ndiye anayesukumwa pembeni gari la wataalamu likifika.

Lugha ya mtoto mdogo

Sisemi wataalamu wasije. Baada ya maporomoko, Serikali ilipeleka Hanang wataalamu wa afya na wa ustawi wa jamii, na walihitajika sana. Lakini tuwe wakweli: mtu aliyetoka Dodoma au Dar es Salaam anazungumza Kiswahili, na mtoto wa miaka minne wa Hanang anaweza kulia kwa Kiiraqw au kwa Kibarbaig. Anayejua wimbo wa kumbembeleza ni bibi yake. Mtaalamu mzuri, kwa maoni yangu, ni yule anayekaa na bibi kwanza, kisha akamwachia bibi mtoto.

Mtoto wa chini ya miaka mitano hawezi kukuambia "nina hofu". Mwili wake unasema. Aliyekwishaacha kukojoa kitandani anaanza tena. Aliyekuwa anazungumza vizuri anarudi kwenye maneno ya utotoni. Anang'ang'ania gauni la mama hata mama akienda chooni. Wazazi wengi huona ni kudeka, wengine huchapa. Mtoto huyo anahakikisha tu kwamba na huyu aliyebaki hatatoweka. Akibebwa, akilala karibu na mtu wake, akila saa zile zile alizozoea, mara nyingi hali hiyo hupungua yenyewe ndani ya wiki chache.

Wakubwa kidogo, wa darasa la kwanza hadi la saba, huumwa tumbo na kichwa bila homa. Hugombana. Na hucheza michezo inayotutisha watu wazima: wanajenga nyumba za udongo, wanamwaga maji, wanazika vijiti na kusema hawa ni watu. Nimemsikia mzee akiwafokea, "Mnacheza na msiba!" Mzee wangu, waache. Hiyo ndiyo njia yao ya kulisimulia jambo bila kuulizwa na mtangazaji. Ukiona mchezo unajirudia vile vile kila siku kwa muda mrefu, na mtoto hatoki humo akicheka bali anatoka amenuna, hapo kaa naye karibu. Muulize nani angeweza kuwaokoa wale watu wa vijiti, na umwache awaokoe.

Umri huo una siri nyingine nzito: mtoto hujiona ndiye chanzo. Alimjibu mama vibaya Jumamosi, Jumapili mama akafa. Hatakuambia. Kwa hiyo mwambie hata kabla hajauliza: mlima ulimeguka kwa sababu ya mvua, si kwa sababu ya kitu ulichofanya au ulichosema.

Na hapa niguse jambo linalotugawa katika familia zetu. Mtoto amefiwa, tunamwambia mama amesafiri, amekwenda Arusha, atarudi. Tunafanya hivyo kwa huruma. Lakini mtoto atakaa njiani kila basi linapopita. Siku atakapojua, atakuwa amefiwa na kudanganywa kwa pamoja, na wewe aliyebakiwa nawe hatakuamini tena. Wanaofanya kazi na watoto wanashauri ukweli kwa maneno mafupi: mama amekufa, mwili wake haufanyi kazi tena, hatarudi, mimi nitakaa na wewe. Mdogo atauliza tena kesho, na kesho kutwa, kwa sababu bado haelewi kwamba kifo hakina kurudi. Jibu lile lile, bila kukasirika. Kuhusu mazishi, mtoto mkubwa kidogo aulizwe kama anataka kwenda. Akienda, awe na mtu mzima mmoja wa kumshika mkono ambaye kazi yake siku hiyo ni hiyo tu.

Vijana tunaowasahau

Misaada ikifika, watoto wadogo hupata biskuti na mpira. Kijana wa miaka kumi na tano hupata jembe. Siku zile niliwaona wavulana wa sekondari wakichimba tope bega kwa bega na watu wazima, wakitafuta miili. Watu wakawasifu: huyu ni mwanaume. Na kweli walisaidia. Vijana wanahitaji kufanya kitu, kukaa bure kunawaumiza zaidi. Lakini kubeba maji, kugawa chakula au kuchezesha wadogo ni kazi. Kufukua maiti si kazi ya mtoto, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, hata akiwa na ndevu.

Baada ya wiki mbili, mwanaume huyo hakuulizwa tena na mtu. Hofu ya kijana haionekani kama hofu. Inaonekana kama jeuri, kama kukaa kijiweni, kama pombe, kama bodaboda inayoendeshwa kana kwamba maisha hayana maana. Inaonekana kama kuacha shule na kwenda machimboni Mirerani. Kwa msichana inaonekana kama utulivu: amechukua nafasi ya mama, anapika, anaosha wadogo, kila mtu anasema ana akili. Msichana huyo ndiye wa kwanza kutolewa shule, na ndiye anayekuwa karibu zaidi na posa ya mapema au kazi za ndani mjini, kwa sababu nyumba imekosa fedha na yeye amekosa wa kumtetea. Ninapoulizwa huduma ya kisaikolojia kwa vijana inaanzia wapi, nasema inaanzia kwenye kuhakikisha Januari wamerudi darasani.

Tena wana simu. Video za tope likishuka zilizunguka kwenye makundi ya WhatsApp kwa miezi, na bado zinarudi kila Desemba. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 huko Marekani, watafiti waligundua kuwa watoto waliotazama zaidi picha hizo kwenye televisheni ndio walioripotiwa kuwa na dalili nyingi zaidi za mfadhaiko. Kwa hiyo wewe unayesoma hapa kwenye simu, ukiwa na video ile, ifute au usiifungue mbele ya watoto. Kwa mdogo, mlima unameguka upya kila mara unapobonyeza.

Mtoto aende na nani?

Kuna jambo la siku za kwanza ambalo likikosewa ni vigumu kulirekebisha. Mtoto amepatikana peke yake, na mtu mwema anasema, nipeni nikamlee. Huenda ni mwema kweli. Lakini mtoto asiondoke na mtu yeyote kabla afisa ustawi wa jamii au mtendaji wa kijiji hajaandika jina lake, alipopatikana, na anakwenda na nani. Baba anaweza kuwa hospitalini, shangazi anaweza kuwa njiani kutoka Singida. Chama cha Msalaba Mwekundu hufanya kazi ya kuwaunganisha ndugu waliopotezana, lakini kinahitaji taarifa. Ndugu wa tumbo moja wasigawanywe kama vyombo, mmoja kwa mjomba, mwingine kwa mama mkubwa, kama kuna namna yoyote ya kuwaweka pamoja. Na kituo cha kulelea watoto kiwe mlango wa mwisho, si wa kwanza.

Mtoto aliyebakiwa na mtu mmoja wa kwake ana nguzo. Aliyepelekwa mahali pazuri penye vitanda na chakula lakini hapana anayemjua, hana. Nasema hili kwa ukali kidogo kwa sababu huwa linachukuliwa kama jambo la makaratasi. Ni matibabu.

Mvua inarudi kila mwaka

Sasa nirudi kwa mama aliyepiga simu. Mtoto wake hakuwa na shida iliyoonekana kambini. Hakulia. Aliandikwa miongoni mwa waliosalimika. Kambi ilipofungwa alihama na mama yake, na shule ilipofunguliwa akaingia darasani na kuanza kusoma. Watoto wengi hupona hivyo, na ni vizuri tuseme wazi: wengi hupona, bila dawa na bila mtaalamu, wakiwa na mtu wao, chakula, shule na michezo. Wachache hawaponi. Na dalili zao huonekana baada ya mwezi mmoja, baada ya msimu, baada ya mwaka, wakati magari yote yamekwishaondoka.

Hapo ndipo ninapoona pengo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inaweka kamati za maafa kuanzia ngazi ya taifa mpaka kwetu vijijini. Kamati zinazungumzia maeneo ya kukimbilia, chakula, mahema. Nilipomuuliza mjumbe mmoja wa kamati ya kijiji, si wa Hanang, nani kwenye mpango wao anashughulika na watoto, alifikiri kidogo akasema, "Wanawake watajua." Jibu hilo si baya kama linavyosikika, kwa sababu wanawake kweli watajua. Lakini mwanamke ambaye hakuandikwa hapewi mafunzo, hapewi nauli, na haulizwi chochote siku ya mkutano.

Hata hivyo watu tunao. Shule ina mwalimu wa malezi na unasihi, hata kama siku hizi anashughulika zaidi na utoro na mimba. Kata nyingi zina kamati za ulinzi wa wanawake na watoto. Vijiji vingi vina wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaozunguka nyumba kwa nyumba. Kuna viongozi wa dini, ambao msibani ndio wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Wakipewa siku mbili za mafunzo kabla ya maafa, si baada, na majina yao yakiandikwa kwenye mpango wa kijiji, watakuwepo mvua ya mwaka wa pili na wa tatu. Haya si ya Hanang peke yake. Rufiji na Kibiti walikuwa na mafuriko Aprili 2024, na watoto wa kule wana mto wao wa kuuogopa kama hawa walivyo na mlima.

Na walimu, ndugu zangu, naomba mnisikilize. Kwa baadhi ya watoto hawa, darasa ndilo lilikuwa kambi. Alilala pale pale anapoketi sasa, usiku ule alipoambiwa mama hajapatikana. Anayesinzia, anayetazama dirishani wingu likitanda, anayeruka dawati likiburutwa, usianze na fimbo. Anza na swali la pembeni: umelala vizuri jana?

Jibu la mama

Mama, si utundu. Na kama ni ugonjwa, si mimi wa kusema. Nilichoelezwa ni kwamba mwili wa mwanao unaijua ile mvua, ndiyo maana anavaa viatu. Anajiandaa kukimbia. Kwa akili yake anawalinda nyote.

Usimwambie hakuna kitu, lala. Alishaona kwamba kitu kipo. Usimwahidi haitatokea tena, huna uwezo wa kuuzuia mlima. Mwambie usiku huu mimi ndiye ninayekesha, wewe lala, nikiona hatari nitakuamsha. Kisha kesha kweli, walau saa ya kwanza. Mchana tembeeni pamoja mpaka mahali pa juu ambapo mngekimbilia, ajue njia. Tochi iwe karibu na kitanda chake. Viatu vikae hapo hapo, usimnyang'anye. Mwalimu wake aelezwe, na kama wewe unaogopa, mtume baba mdogo au mwenyekiti wa kitongoji.

Lakini kwa kuwa muda mrefu umepita na bado halali, nenda naye kituo cha afya, au kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ueleze kama ulivyonieleza mimi. Usinunue vidonge vya usingizi duka la dawa. WHO haishauri watoto wapewe dawa hizo kwa sababu ya mshtuko wa maafa. Na kama siku yoyote atasema anataka kufa, au anataka kumfuata aliyekufa, au ataacha kula kabisa, usisubiri siku ya kliniki, nenda siku hiyo hiyo.

Aliye mbali na ofisi apige 116, namba ya simu ya huduma kwa mtoto. Ni bure, na mtoto mwenyewe pia anaweza kupiga. Na wewe mama, simu yako ikikatika tena, mlio mmoja tu unatosha. Tutakupigia sisi.